Ukakasi wa ndizi mbichi na lebo ya "haina kemikali"

Aliyewahi kumenya chane kadhaa za ndizi mbichi kwa ajili ya mtori anajua mambo yanavyokwenda. Vidole vinaanza kunata, kisu kinashika weusi ukingoni, na ndizi ya kwanza kumenywa, iliyotoka nyeupe pee, inapata rangi ya kutu kabla hujafika ya kumi. Shangazi yangu haitoi nafasi hiyo. Hupaka mikono mafuta ya kula kabla ya kushika kisu, na miguuni pake huweka sufuria ya maji aliyoyakamulia limau. Kila ndizi ikitoka mkononi inazama humo. Ukimuuliza sababu atakujibu kwamba ndizi nyeusi inamwaibisha mwenye jiko, basi.

Sufuria ile ina kemia safi kabisa. Ndani ya seli za ndizi kuna vitu viwili vinavyokaa vyumba tofauti: huku fenoli, ukoo wa kemikali za mimea nitakaoueleza mbele, kule kimeng'enya, protini inayoharakisha mabadiliko ya kemia. Kisu kinapobomoa kuta za vyumba hivyo, viwili hivyo vinakutana, hewa inaleta oksijeni, na fenoli zinageuka rangi ya kahawia inayozidi kukolea. Maji ya shangazi yanapunguza hewa. Asidi ya limau inakilegeza kimeng'enya. Mafuta yanauzuia utomvu usigande kwenye ngozi. Hata weusi wa kisu una asili yake: tanini, ambazo ni fenoli pia, zikikutana na chuma hutoa weusi mzito, na kwa weusi huohuo Wazungu waliandika vitabu na mikataba yao kwa karne nyingi, wakichanganya tanini za vivimbe vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma kupata wino.

Nimeikumbuka sufuria hiyo kwa sababu ya kijana mmoja anayeuza vikopo kando ya barabara Dar es Salaam. Alinipa kimoja nikinuse. Ndani mlikuwa na unga wa karafuu, tangawizi na manjano, na nje kumebandikwa karatasi yenye herufi kubwa: HAINA KEMIKALI.

"Kaka, hii ni asili tupu," akasema. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Hata mtoto anatumia."

Nikamuuliza, kama haina kemikali, kinachowasha ulimi ukitafuna karafuu ni nini?

Akacheka. "Si kemikali hiyo, kaka. Hiyo ni karafuu yenyewe."

Jibu lake ni la watu wengi, wakiwemo waliosoma kumzidi. Tumejigawia dunia mafungu mawili: kemikali inatoka kiwandani na inaua, asili inatoka shambani na inaponya. Mimi nadai mgawanyo huo ni wa uongo, na una gharama. Mmea ni kiwanda cha kemikali kuliko kiwanda chochote kilichoko barabara ya Pugu, na sehemu kubwa ya unachozalisha ni silaha. Hauwezi kukimbia, hauna makucha, haupigi kelele. Kinachobaki ni kujitia ladha mbaya.

Fenoli ni jina la ukoo. Kila mwanaukoo utamtambua kwa alama moja: pete ya atomi sita za kaboni, na kwenye pete hiyo imening'inia oksijeni iliyoshikana na haidrojeni. Mdogo kuliko wote alipatikana kwenye lami ya makaa ya mawe mwaka 1834, kazi ya Mjerumani Friedlieb Runge, na mwaka 1865 Joseph Lister, daktari wa upasuaji huko Glasgow, akaanza kumtumia kuua vijidudu kwenye vidonda vya wagonjwa. Mimea ilikuwa imemtangulia Lister kwa zaidi ya miaka milioni 400. Leo maumbo ya fenoli yaliyotambuliwa kwenye mimea yanapita 8,000.

Zinatoka wapi? Kwenye sukari ileile ambayo jani limeipika kwa jua. Mmea huchukua vipande viwili vilivyotokana na sukari, kimoja cha kaboni tatu na kingine cha kaboni nne, ukaviunga. Kipande hicho cha kaboni saba hupita hatua kadhaa kikakunjwa kuwa pete, na katikati ya njia hugeuka kuwa asidi ya shikimi, iliyopewa jina la mti wa Kijapani uitwao shikimi, ambako Mholanzi Johan Eykman aliipata mwaka 1885. Njia nzima, yenye hatua saba kabla haijaanza kutawanyika, imebaki na jina hilohilo la Kijapani. Inakadiriwa kuwa asilimia 20 au zaidi ya kaboni yote inayovunwa na mimea duniani hupita humo. Ukitazama msitu, unatazama kwa sehemu kubwa kazi ya njia hiyo.

Mwishoni mwa njia kuna asidi amino iitwayo fenilalanini, na hapo ndipo penye njia panda. Ikienda upande mmoja inakuwa protini. Ikienda upande wa pili inakutana na kimeng'enya kilichoelezwa na watafiti mwaka 1961, ambacho kazi yake ni kuing'oa amonia na kuacha asidi ya sinamiki, ndugu wa kile kinachonukia kwenye mdalasini. Ikishapita mlango huo hairudi tena kwenye protini. Mmea umeamua kutumia mali yake kwa ulinzi, na hauamui hivyo ovyo. Kiwavi akitafuna jani, ukungu ukipenya kwenye ganda, jua kali la mlimani likipiga, kimeng'enya hicho kinatengenezwa kwa wingi katika saa chache. Kuanzia hapo kaboni inagawanywa: nyingine inakuwa lignini, ile inayoufanya mti usimame na ubao uwe mgumu, nyingine rangi za maua na za zambarau, nyingine kinga ya jua kwenye ngozi ya jani, nyingine tanini. Binadamu hatuna njia ya shikimi hata hatua moja. Fenilalanini yetu tunaila kwenye maharage, mayai na nyama.

Mkulima anayepuliza glaifoseti kabla ya kupanda anaifahamu njia hii kwa matokeo yake, hata kama hajawahi kuisikia. Dawa hiyo ya magugu, iliyoingia sokoni mwaka 1974, inaziba hatua ya sita. Gugu linabaki na jua, maji na mbolea, lakini halipati fenilalanini wala ndugu zake, na baada ya wiki moja au mbili limekuwa njano. (Kama dawa hiyo inamdhuru mpulizaji ni mjadala mwingine, na ni mrefu.)

Kiswahili kilishaziainisha fenoli zamani, kwa kutumia ulimi. Tuna uchungu, tuna ukali, na tuna ukakasi, na hakuna mpishi anayechanganya vitatu hivyo. Ukakasi si ladha hasa. Ni hisia ya mdomo kukauka na kukunjamana, kama ulivyo ukila bibo ambalo halijaiva vizuri au ndizi mbichi uliyoidhania imeiva. Kinachotokea ni kwamba tanini zimezikamata protini za mate na kuzigandisha, ulimi ukakosa utelezi. Kiwanda cha ngozi kinafanya jambo hilohilo kwa makusudi: tanini zinashikamana na protini za ngozi mbichi hadi isioze tena. Njombe wamepanda miwati, miti ambayo gome lake lina tanini nyingi, kwa kazi hiyo. Kampuni ya miwati ya huko ilianzishwa mwaka 1949, na mali yake ilikuwa gome. Kwa hiyo anayeng'ata bibo bichi, kwa sekunde chache, mdomo wake unasindikwa kama ngozi ya ng'ombe.

Sasa mweke ndege mahali pa huyo mla bibo. Kwelea kwelea mmoja anaweza kula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, na hawaji mmoja. Wanakuja kama wingu. Vijiji vya Dodoma na Singida vina neno la kazi ya kuwafukuza, kuamia, na anayeijua anajua maana yake halisi: mtoto juu ya dungu tangu alfajiri, kombeo mkononi, sauti imekauka, na shuleni wanamwita mtoro. Mtama mwekundu wenye tanini nyingi unampunguzia mtoto huyo kazi. Chini ya ganda la punje kuna tabaka lenye ukakasi ambao ndege, akiwa na chaguo jingine, anaupita. Ukungu pia unaukwepa. Wazee waliohifadhi mbegu hizo hawakuwa wajinga, na inaniudhi kusikia mtu wa semina akiziita "mbegu duni".

Ila tanini hazichagui tumbo. Zinazomkera kwelea zinazuia pia protini ya punje isimeng'enywe vizuri na kuku, au na mtoto anayeachishwa ziwa. Watengenezaji wa bia nao wanataka mtama mweupe, kwa sababu tanini zinavishika vimeng'enya wanavyovitegemea. Ndiyo sababu mbegu ya mtama iitwayo Macia inapigiwa debe Tanzania na nyingine, Gadam, ikapigiwa debe Kenya. Punje ni nyeupe, tamu, haina ukakasi, na mnunuzi yupo. Lakini silaha imeondolewa shambani, na wa kuziba pengo ni yuleyule mtoto wa kwenye dungu. Sijaona mkataba wa kilimo unaohesabu siku zake. Uganda na Rwanda kuna njia ya tatu, ya zamani: mtama wenye tanini unalowekwa kwenye maji ya majivu kabla ya kuoteshwa kimea, na ukakasi unavunjika. Shambani unabaki na bunduki, jikoni unaitoa risasi. Kama ningepewa fedha za utafiti ningezianzia hapo.

Si kila fenoli inapita njia ya shikimi. Ganda la korosho lina mafuta yenye fenoli zilizojengwa kwa njia inayofanana zaidi na ile ya kutengeneza mafuta, na ni kali kiasi cha kubabua ngozi. Wanawake wanaobangua kwa mkono kule Mtwara na Lindi hujipaka mafuta ya kula au majivu kwanza, kama shangazi na ndizi zake, isipokuwa hapa wakisahau wanaungua. Mafuta hayo yanatengenezewa rangi na vitambaa vya breki za magari. Kwa kuwa korosho nyingi tunaziuza ghafi na ganda lake, fenoli hizo zinapanda meli pamoja na punje, na anayebangua India ndiye anayezikamua. Sisi tunabaki na makovu ya wachache wanaobangua nyumbani. Biashara hiyo inanishangaza kila msimu.

Chai ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa kuta kuvunjwa kwa makusudi. Jani bichi la chai linaweza kuwa na fenoli hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Likichumwa Kericho au Mufindi, linanyaushwa, kisha linapitishwa kwenye mashine inayolisaga, kulichana na kulikunja. Wafanyakazi wa kiwandani wanaiita hatua inayofuata kuchachusha, lakini hakuna chachu wala hamira humo. Ni ndizi ya shangazi tena: fenoli, kimeng'enya, hewa. Kijani kinageuka shaba, shaba inageuka kahawia, harufu ya majani inaondoka, harufu ya chai inaingia, na mtaalamu anachagua dakika ya kuingiza moto ili kimeng'enya kife. Akichelewa, chai inapoa ladha. Akiwahi, inakuwa na ukakasi wa kijani. Shangazi anatia limau kuizuia rangi ileile ambayo kiwanda kinaihesabia dakika ili kiiuze.

Hapohapo kwenye chai ndipo gharama ya "asili haina madhara" inapoonekana waziwazi. Fenoli za chai zinayakamata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na dagaa wa sahani ileile. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma ambacho mwili ungekipata kwenye vyakula vya mimea, na maziwa hayasaidii sana. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Chai haikuuleta upungufu huo peke yake. Kuna malaria, kuna minyoo, kuna uzazi wa karibu karibu, kuna sahani isiyo na nyama. Lakini mama mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, akavimeza kwa chai ya rangi kwa sababu maji yanamtia kichefuchefu, anakunywa kifungo cha vidonge vyake. Dawa yake ni nyepesi: chai isogezwe saa moja baada ya chakula, na chungwa au embe vije mezani. Hilo halitasemwa na mtu anayeamini kwamba kemikali zinaanzia duka la dawa.

Najua nitajibiwa kwamba fenoli zinasifiwa duniani kote kwa kupambana na uchakavu wa mwili. Ni kweli, kwenye chupa ya maabara zinafanya hivyo vizuri. Tumboni ni hadithi nyingine: nyingi hazipenyi kuingia kwenye damu, na zinazopenya ini linazibadilisha umbo haraka. Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha kubwa ya vyakula na alama zao za nguvu hiyo. Mwaka 2012 iliiondoa, kwa sababu wauzaji walikuwa wanazitumia alama hizo kutangazia bidhaa ilhali hazikuonyesha chakula kinaufanyia nini mwili. Sisemi mboga na matunda hayana faida. Nasema mboga si kikopo cha unga, na kijiko asubuhi na jioni ni dozi, na dozi inahitaji mtu anayejua ndani mna nini.

Basi turudi kwenye karafuu yenyewe. Kinachowasha ulimi ni yujenoli, fenoli inayofanya kati ya asilimia 70 na 90 ya mafuta yake. Mkarafuu unaitengeneza kutokana na kitu ambacho, kisipogeuzwa, kingekwenda kuwa lignini. Yaani harufu ile ya Pemba inayokupokea kabla hujaona majamvi yameanikwa ni ubao uliokatizwa njiani. Ndiyo maana kikonyo cha kichala kinachomwongezea mchumaji uzito wa bure nacho kina mafuta, na baada ya watu kukaa barazani kuchambua karafuu, makonyo hayatupwi. Yanakwenda kukamuliwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake. Zamani wakemia wa Ulaya waliyanunua mafuta ya karafuu ili kutengenezea vanila ya bandia, kwa kuwa yujenoli na vanilini zinatofautiana kwa mkia mdogo tu. Daktari wa meno naye anaikoroga na unga wa zinki kuziba jino kwa muda, na hiyo ndiyo harufu unayoikumbuka ukiwa kitini umeachama.

Mkarafuu hauna jino linalouma. Umeiweka yujenoli kwenye vifuko vidogo chini ya ngozi ya chipukizi la ua ili wadudu na ukungu wasilisogelee, na inatuganzisha fizi kwa sababu neva zetu nazo zinadhurika, kidogo, kwa muda. Kwenye pilau kiasi chake hakina shida. Mafuta yake ni jambo jingine. Katika tukio moja lililoandikwa kwenye jarida la madaktari wa watoto Uingereza mwaka 1993, mtoto wa miaka miwili alikunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu. Alipoteza fahamu, akapata degedege, ini likaumia, damu ikashindwa kuganda. Alipona, baada ya kulazwa na kuhudumiwa vizuri. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai.

Kijana wa vikopo hauzi mafuta, anauza unga, na sidhani ana nia mbaya. Nilimlipa, nikamwomba aache kuwaambia watu kwamba hata mtoto anatumia. Akaniuliza kama mimi ni wa mamlaka. Nilipomwambia hapana, nilikuwa nimetoka tu kununua ndizi za mtori, akaninong'oneza kwamba karatasi zile anachapishiwa mia kwa bei moja, na mchapaji ndiye aliyemshauri maneno.